Kusoma Biblia ya Kiebrania neno kwa neno, Kiingereza kikiwa pembeni: mwongozo kwa anayeanzia sifuri

Biblia ya Kiswahili iliyo mezani kwangu, ile ya Union Version tuliyoizoea makanisani, inasema Yona alipofika Yafa «akatoa nauli, akapanda merikebuni». King James, tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611, inasema alilipa nauli akashuka: «went down into it». Alhamisi moja kikundi chetu cha Tabata kilibishana nusu saa nzima juu ya hilo. Kijana mmoja akasema Mzungu kakosea, nani anashuka chomboni? Mzee mmoja aliyefanya kazi bandarini miaka mingi akamtazama, akacheka: «Mwanangu, pale Feri maji yakipwa, pantoni la Kigamboni unalipanda au unalishukia?»

Tukafungua Kiebrania: וַיֵּרֶד בָּהּ, vayyered bah, «akashuka ndani yake». Kitenzi ni kile kile kilichotumika maneno machache nyuma, Yona aliposhuka kwenda Yafa. Kinarudi tena mstari wa tano, anaposhuka pande za ndani za chombo, na tena katika sala yake, anaposhuka hadi mizizi ya milima. Mwandishi anamshusha mtu wake ngazi kwa ngazi, na sisi tulikuwa tumempandisha. Watafsiri wetu hawakukosa. Kwa Kiswahili chombo hupandwa, kama daladala. Ila ile ngazi ilikuwa imepotea, na tusingeiona bila kukaa na neno moja moja.

Hiyo ndiyo kazi ninayoieleza hapa. Vifaa vyake karibu vyote vimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo utapita kwenye Kiingereza upende usipende. Ninachokuomba mapema ni hiki: kipite kama daraja, usijenge nyumba juu yake. Mstari wa mwisho katika daftari lako uwe wa Kiswahili, na uuandike mwenyewe. Utashangaa ni mara ngapi Kiswahili kinalingana na Kiebrania pale Kiingereza kinapohangaika.

Vifaa

Simu ya kawaida inatosha. Tovuti za STEP Bible, Blue Letter Bible na Bible Hub ni za bure, na zote zinakuonyesha neno la Kiebrania, namna ya kulitamka, maana yake kwa Kiingereza na namba yake ya kamusi. Sefaria na Mechon-Mamre zinatoka kwa Wayahudi wenyewe. Mechon-Mamre inaweka Kiebrania sambamba na tafsiri ya Kiyahudi ya mwaka 1917, na ina sauti ya msomaji. Kama bando linakutesa, pakua MySword kwenye simu ya Android ukiwa sehemu yenye intaneti ya bure; ukishapakua Biblia na kamusi zake inafanya kazi bila mtandao, hata umeme ukiwa umekatika mtaa mzima.

Nunua kaunta buku, ile nene, na peni za rangi tatu. Usiandikie kwenye simu. Mimi niliandikia kwenye simu miezi minne, kisha simu ikabaki kwenye kiti cha daladala na sura mbili za Ruthu zikaenda nayo.

Jambo moja kuhusu steshenari. Ukinakili Kiebrania kutoka kwenye tovuti ukakibandika kwenye faili la kuandikia, kisha ukampelekea kijana wa steshenari akuchapie nakala kumi, unaweza kupata nilichokipata mimi: maneno yamegeuzwa, la kwanza limekuwa la mwisho, na vile vinukta vya irabu vimemwagika pembeni kama mchele. Kiebrania kinasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na kompyuta isiyoandaliwa hukigeuza. Hifadhi faili kama PDF kabla hujatoka nyumbani, na kabla ya kulipia nakala kumi omba moja uikague.

Matini utakayoiona kwenye nyingi ya programu hizi inatokana na hati moja ya mkono: Kodeksi ya Leningrad ya mwaka 1008, iliyoko St Petersburg, Urusi. Nukta za irabu ziliwekwa na wanazuoni wa Kiyahudi waitwao Wamasoreti. Kabla yao ziliandikwa konsonanti tu, na hadi leo magombo ya Torati yanayosomwa kwenye sinagogi hayana irabu. Likumbuke hilo utakapokutana na mtu anayejenga hoja nzima juu ya nukta moja.

Herufi

Ziko 22, na tano kati yake hubadilika umbo zikiwa mwishoni mwa neno. Wiki mbili zinatosha ukiandika herufi tatu tatu kila asubuhi. Zinazochanganya ni zile zinazofanana: dalet ד na resh ר, bet ב na kaf כ, he ה na chet ח. Ziandike jozi jozi, kubwa, ukurasa mzima.

Kwenye matamshi tumependelewa. Kiebrania kinaweza kusomwa kwa irabu tano, a, e, i, o, u, kama tulizonazo sisi, na ukizisoma kwa Kiswahili chako cha kila siku uko salama. Chet na khaf zitamke kama kh ya «kheri» kwa wanaoisema vizuri. Alef na ayin zipitie tu, kama pumzi.

Usingoje kujua kusoma haraka ndipo uanze. Anza na mstari siku unayomaliza herufi ya mwisho.

Chagua kitabu kifupi chenye hadithi

Watu wengi huanzia Mwanzo 1 kwa sababu ni mwanzo. Mimi nakushauri Yona. Ina mistari 48, sentensi fupi, na maneno yanayorudi-rudi, hasa gadol, «kubwa»: mji mkubwa, upepo mkubwa, hofu kubwa, samaki mkubwa. Ruthu ni ya pili, mistari 85. Zaburi ni tamu lakini ushairi hubana maneno, na Ayubu ni mgumu hata kwa maprofesa.

Ukurasa wako

Fungua kaunta buku kwa upana, kurasa mbili zikitazamana. Kila neno la Kiebrania lipewe safu yake yenye ngazi nne kwenda chini: neno lenyewe, matamshi, Kiingereza cha neno kwa neno, kisha Kiswahili chako. Anzia kulia. Hapo kati ya ngazi ya tatu na ya nne acha nafasi ya kidole kimoja, kwa maelezo. Nukuu yote ya King James iandike chini kabisa ya ukurasa, na tafsiri ya kisasa ya Kiingereza chini yake, na Biblia ya Kiswahili mwisho. Usizitazame hizo tatu mpaka ngazi ya nne imejaa. Hili ni gumu kulitii kwa sababu mistari mingi unaijua kwa moyo, lakini jitahidi.

Tuchukue Yona 1:3. Kwa Kiebrania ni maneno 21. King James imetumia 50. Tofauti hiyo haitokani na maneno kuongezwa ovyo. Kiebrania kinabebesha neno moja mzigo ambao Kiingereza kinausambaza kwa maneno matatu, na hapo ndipo Mswahili anaanza kujisikia nyumbani.

Neno la kwanza ni וַיָּקָם, vayyaqom. Kiingereza cha neno kwa neno kitakwambia «and he arose», maneno matatu. Likate: va, ya, qom. Kuna kiunganishi, kuna nafsi ya tatu, kuna kitenzi. Sasa sema kwa Kiswahili: a-ka-ondoka. Nafsi, -ka-, kitenzi. Neno moja.

Na hiyo -ka- haikuja kwa bahati. Umbo hili la vitenzi, linaloanza na va na konsonanti inayofuata kukazwa, ndilo Kiebrania kinachotumia kusukuma hadithi mbele, tendo baada ya tendo. Sisi tuna -ka- kwa kazi hiyo hiyo: alitoka, akaenda, akaona. Kiingereza hakina umbo kama hilo, kinabaki na «and» peke yake, na waandishi wake huchoka kuirudia. Hesabu katika mstari huu: vayyaqom, vayyered, vayyimtsa, vayyitten, vayyered. Vitano. King James imevifungua kwa «but», «and», «and», «so», «and», maneno matatu tofauti kwa kitu kimoja. Biblia ya Kiswahili: akaondoka, akatelemka, akaona, akatoa, akapanda. Tano kwa tano. Imeongeza «lakini» na «basi», ni kweli, ila -ka- iko kila mahali inapotakiwa.

Niligundua hili usiku, peke yangu, na nikamwamsha mke wangu kumwambia. Hakufurahia.

Endelea. לִבְרֹחַ, livroach: li- na broach, «ku-kimbia». Hiyo li- mbele ya kitenzi fanya ni ku- yetu. תַּרְשִׁישָׁה, Tarshishah: jina la mji na -ah mwishoni, ya kuonyesha mwelekeo, «kwenda Tarshishi». Kiingereza lazima kitafute «to» au «unto». Kiebrania kinabandika mkiani, kama sisi na -ni ya mjini na merikebuni.

מִלִּפְנֵי, millifne: mi, li, fne. Kutoka, kwa, uso wa. King James inasema «presence», neno zuri lakini la ofisini. Biblia yetu imesema «uso wa BWANA», na uso ndio ulioko pale: panim, nyuso.

Kisha tunafika kwenye nauli. וַיִּתֵּן שְׂכָרָהּ, vayyitten sekharah. Akatoa... sekhar ni ujira, malipo ya kazi au ya kukodi. Na ile -ah ya mwisho? Hapa angalia nukta iliyo ndani ya he: הּ. Inaitwa mapik, na inasema herufi hii ni «yake», na mwenyewe ni wa kike. Nani wa kike hapa? Oniyyah, merikebu; kwa Kiebrania merikebu ni jinsia ya kike. Kwa hiyo Yona ametoa ujira wa merikebu. Walimu wa Kiyahudi wa zamani walilikamata hilo wakasema huyu alilipia chombo kizima, kama mtu aliyekodi Hiace yote peke yake ili iondoke upesi. Si lazima ukubaliane nao. Sentensi inaweza kuwa na maana ya nauli ya kawaida tu. Lakini sasa unajua walikoitoa. Kiswahili «nauli» kimeificha ile «yake», na «thereof» ya King James imeibakiza, ila bila jinsia.

Ngazi nne za maneno mawili ya mwisho ya kipande hicho zinakaa hivi kwenye daftari langu:

וַיֵּרֶד / vayyered / and he went down / akashuka
בָּהּ / bah / into her / ndani yake (merikebu, -ah ile ile)

Neno עִמָּהֶם, immahem, nakuachia. Likate mwenyewe, kisha tazama jinsi Biblia ya Kiswahili ilivyolitafsiri kwa «pamoja nao», na jiulize hiyo -o ya «nao» inafanya kazi gani.

Kukata neno

Ukishakata kama mistari kumi utagundua vipande ni vichache sana. Mbele ya neno: ve- au va- ni «na», ha- inafanya jina lijulikane, be- ni «katika», ke- ni «kama», le- ni «kwa» au ku-, mi- ni «kutoka». Nyuma: -i yangu, -kha yako kwa mwanamume, -ekh yako kwa mwanamke, -o yake kwa mwanamume, -ah yake kwa mwanamke, -nu yetu, -khem yenu. Viandike kwenye karatasi moja, ibandike ndani ya jalada. Kilichobaki katikati ndicho utakachokitafuta kwenye kamusi.

Ona Ruthu 1:16, maneno manne: עַמֵּךְ עַמִּי וֵאלֹהַיִךְ אֱלֹהָי. Ammekh ammi, velohayikh elohay. Watu-wako watu-wangu, na-Mungu-wako Mungu-wangu. Basi. Hakuna kitenzi. King James imeweka «shall be», na katika chapa zake utaona maneno hayo yameandikwa kwa herufi za kulala. Hiyo ni alama ya uaminifu wa watafsiri wale: kila neno la italiki ni la kwao, halimo kwenye Kiebrania. Zaburi 23:1 iko vivyo hivyo, ile «is» ya «The LORD is my shepherd» ni ya italiki. Nunua au pakua King James yenye italiki. Isiyo nazo inakunyima nusu ya faida.

Na katika Mwanzo 1:1 kuna neno et, את, ambalo Kiingereza huliacha tupu kwa sababu hakina cha kuliwekea. Linatangulia kitu kinachotendwa kikiwa kinajulikana: mbingu, nchi. Biblia ya Kiswahili: «Mungu aliziumba mbingu na nchi.» Ile -zi- ndani ya aliziumba si et, lakini inafanya kazi ya jirani: inakwambia ni mbingu zile, unazozijua. Mwanafunzi aliyeanzia Kiingereza huambiwa et haitafsiriki, apite.

Mzizi, na ndugu zetu wa Kisemiti

Neno lililobaki baada ya kukata mara nyingi lina mzizi wa konsonanti tatu. Wazungu huhitaji sura nzima ya kitabu kulielewa hilo. Wewe andika: kitabu, katibu, maktaba, mkataba. K-t-b. Tumeyapata kwa Kiarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni ndugu. Kiebrania: katav, aliandika, mikhtav, andiko, ketuvim, Maandiko. Fanya hivyo kwa b-r-k ya baraka na kubariki, na kwa sh-l-m. Huu wa mwisho umeukanyaga leo asubuhi ukishuka Posta: Dar es Salaam.

Jirani yangu aliyesoma madrasa utotoni hajawahi kufungua Biblia ya Kiebrania, lakini nilipomsomea hesabu alinifuata bila shida: sheva, saba, tesha, tisa, esrim, ishirini, arba'im, arobaini, chamishim, hamsini, me'ah, mia, elef, elfu. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba s na th ya kwao huwa sh mara nyingi upande wa pili: salama na shalom, nafsi na nefesh, thelathini na sheloshim. Ukiishika hiyo kanuni unajikuta na maneno mengi mfukoni kabla ya kuanza. Damu ni dam. Nabii ni navi. Malaika ni mal'akh. Hekima ni chokhmah. Malkia ni malkah. Rehema iko kwenye rachum, neno ambalo Yona analirusha kwa hasira katika 4:2 akimlalamikia Mungu kwa kuwa mpole kupita kiasi, na mzizi huo ndio wa rechem, tumbo la uzazi.

Lakini ndugu hufanana sura, si tabia. Mfano ninaoupenda: safina. Kwa Kiebrania sefinah ipo, na katika Biblia nzima inatokea mara moja tu, Yona 1:5, ni kile chombo anachoshuka ndani yake kulala. Safina ya Nuhu kwa Kiebrania ni tevah, neno jingine kabisa. Tevah hilo hilo ndilo kikapu alichowekwa mtoto Musa katika Kutoka 2:3. Biblia yetu imeandika «kisafina» pale, kwa hiyo uhusiano wa Nuhu na Musa umebaki wazi kwa msomaji wa Kiswahili, wakati Biblia nyingi za Kiingereza cha kisasa zimeweka kikapu tu. Sadaka nayo ni mtego: tsedaqah katika Biblia ya Kiebrania ni haki, uadilifu. Ukienda nayo kwenye bahasha ya Jumapili utapotea.

Kamusi, na aibu niliyoipata

Kila neno kwenye programu hizi lina namba. Ni ya James Strong, Mmarekani aliyechapisha fahirisi yake mwaka 1890. Kiebrania na Kiaramu vina namba 1 hadi 8674. Yarad, kushuka, ni 3381. Namba ni msaada mkubwa: ukiigusa, programu inakuletea kila mahali neno hilo lilipo, hata kama huwezi kulisoma bado.

Hatari ni ile orodha ya maana iliyo chini ya namba. Strong aliorodhesha namna King James ilivyolitafsiri neno sehemu mbalimbali. Siyo menyu ya mama ntilie kwamba uchague unachokitamani. Mimi nilichagua. Nilikuta ruach, namba 7307: upepo, pumzi, roho. Nikaenda kwenye Yona 1:4, ruach gedolah, nikawafundisha watu ishirini kwamba BWANA alirusha Roho mkuu baharini. Nilikuwa na pointi sita. Mama mmoja, fundi cherehani, akanyoosha mkono kwa adabu: «Mwalimu, na ile ruach ya sura ya nne iliyompiga Yona na jua mpaka akazimia, nayo ni Roho?» Ile ni upepo wa mashariki wa joto. Nikakaa chini.

Tangu hapo nina kanuni: kabla ya kuchagua maana, gusa namba, soma mahali patano neno lilipotumika, kuanzia ndani ya kitabu hicho hicho. Halafu fungua Brown-Driver-Briggs, kamusi ya mwaka 1906 iliyomo bure kwenye programu nyingi. Inagawanya maana kwa muktadha.

Kuhusu mstari huo wa 1:4, kilichokuwa cha kuonea raha ni kitenzi, na nilikipita. Hetil, alirusha. BWANA anaurusha upepo, mabaharia wanarusha shehena, 1:5, Yona anasema nirusheni, 1:12, wanamrusha, 1:15. Kitenzi kimoja, mara nne. King James imesema «sent out» pale mwanzo, kisha «cast forth» zilizobaki, na mnyororo umekatika kwenye pete ya kwanza. Hiki ndicho unachokitafuta kwa peni ya rangi: neno linalorudi katika Kiebrania ambalo tafsiri imelibadilisha. Mimi hupigia mstari mwekundu. Chesed ni jingine, katika Yona ile ile: King James inaita «mercy» sura ya pili na «kindness» sura ya nne. Zaburi 136 ya Kiswahili huliita fadhili.

Kuuliza Kiingereza maswali

Tumia tafsiri mbili za Kiingereza zisizofanana, moja ya zamani inayoshika neno na moja ya kisasa. Zikikubaliana, endelea. Zikitofautiana, hapo ndipo pa kuchimba.

King James ina mitego ya umri. «I shall not want» ya Zaburi 23 haimaanishi sitataka. Kijana mmoja alitutafsiria «Bwana ni mchungaji wangu, simtaki», tukacheka hadi mlinzi akaja. Zamani «want» ilikuwa kupungukiwa, na Biblia yetu imesema vizuri, sitapungukiwa. «Meat» katika Mwanzo 1:29 ni chakula, tena cha mimea.

Kwa upande mwingine ina hazina. «Thou» na «thee» ni wewe, «ye» ni ninyi, sawasawa na Kiebrania na Kiswahili. Kiingereza cha leo kimezimeza zote ndani ya «you». Na pale Kiswahili kinapoficha jinsia ndani ya a- na -ake, «he» na «she» za Kiingereza zinakuokoa. Ndiyo maana sikushauri ukiache.

Namba za mistari zisikutoe jasho

Siku moja utafungua Yona 2:1 kwenye Kiebrania ukute samaki, na kwenye Kiingereza ukute sala. Samaki yuko 1:17 kwa Kiingereza. Zaburi nyingi zenye kichwa cha habari hukihesabu kichwa kama mstari, na kikiwa kirefu kama miwili, hivyo Zaburi 51:1 ya Kiingereza ni 51:3 kwa Kiebrania. Yoeli ina sura nne kwa Kiebrania na tatu kwa Kiingereza; Malaki ni kinyume, tatu kwa nne. Biblia yetu hufuata Kiingereza. Andika namba zote mbili pembeni uendelee.

Jina יהוה nalo: Wayahudi hawalitamki, husoma Adonai, «Bwana wangu», na ndiyo sababu Biblia huliandika BWANA kwa herufi kubwa. Kwenye kikundi tunasoma Adonai.

Ratiba

Sisi tulifanya mistari miwili kila Alhamisi, saa kumi na mbili jioni hadi saa moja na nusu, na Yona ikatuchukua karibu miezi saba ukihesabu na Alhamisi za masika ambazo hakuna aliyetoka Tabata wala aliyeingia. Mmoja anasoma Kiebrania kwa sauti, hata kwa kukwama. Wa pili anakata. Wa tatu ana namba na kamusi. Wa nne ndiye anayeruhusiwa kufunua Biblia ya Kiswahili, na anaifunua mwisho. Mzee wa bandarini hasomi Kiebrania, macho hayamruhusu, lakini tunamwuliza kila tunapokwama: «Shikamoo mzee, hili tungelisemaje?» Mara nyingi anatupa neno ambalo halimo kwenye kamusi yoyote tuliyonayo.

Ukiwa peke yako, mstari mmoja kwa siku mbili. Dakika arobaini ndani ya mwendokasi kutoka Kimara zinatosha kwa kurudia maneno, ila kukata ufanyie mezani.

Baada ya Yona nenda Ruthu, na mstari wake wa kwanza utakupokea na vayhi, ambayo ndiyo ile «Ikawa» uliyoisikia tangu Sunday school. Kisha Mwanzo 37, habari za Yusufu. Danieli uiache kwanza: ukifika 2:4, katikati ya mstari, lugha inabadilika na kuwa Kiaramu hadi mwisho wa sura ya 7, kwa herufi zile zile, na programu haitakupigia honi. Utaona tu wingi wa majina umeacha kuishia kwa -im, umeanza kuishia kwa -in, kama hamsini.